Uso Mmoja, Brashi Nyingi: Nani Anamchora Lumumba, na Nani Atachora Manda?

Ukitaka kumchora Patrice Lumumba unahitaji vitu vitatu tu. Miwani. Kindevu kidogo. Na ile njia ya nywele upande mmoja, imenyooka kama imepigwa rula. Viweke hivyo vitatu kwenye uso wa mwanamume mwembamba, na mtu wa Lubumbashi, wa Dar es Salaam au hata wa Moscow atakwambia: huyo ni Lumumba.

Rahisi, si ndio? Basi ndo hapo mambo yanapoanza. Manake vitu hivyo vitatu vimepita kwenye mikono mingi, na kila mkono umetoa Lumumba wake. Kuna Lumumba aliyekufa kama Yesu. Kuna Lumumba aliyefifia kama picha iliyosahauliwa juani. Kuna Lumumba wa sanamu, mkono juu, anasalimia magari. Kuna hata mchoro wa Lumumba ambao Lumumba mwenyewe hayumo.

Hoja yangu leo ni moja, na naiweka mezani mapema: namna shujaa anavyochorwa si urembo. Ni msimamo. Kabla hujasoma hata neno moja la historia, mchoro ushakwambia umhurumie nani, umwogope nani, na nani amebaki nje ya fremu. Na sisi watu wa visiwa vya Lamu tuna sababu yetu wenyewe ya kulijua hili. Nitafika huko, vumilia kidogo.

Mtu mwenyewe, kwa ufupi

Nairobi kuna Lumumba Drive, kule Roysambu. Dar kuna Mtaa wa Lumumba. Unguja kuna skuli ya Lumumba. Wengi tunapita kwenye jina bila kumjua mwenye jina.

Patrice Lumumba alizaliwa 2 Julai 1925 Onalua, Kasai, katika Kongo iliyokuwa mikononi mwa Wabelgiji. Alikuwa karani wa posta, akauza bia, akaingia siasa. 30 Juni 1960 Kongo ikapata uhuru, yeye akiwa waziri mkuu. Siku hiyohiyo, mbele ya Mfalme Baudouin wa Ubelgiji, akasimama na kuyataja mateso ya ukoloni waziwazi, siku ambayo wageni walitarajia kushukuriwa.

Hakumaliza hata mwaka. Septemba 1960 akaondolewa madarakani, na siku chache baadaye Mobutu, aliyekuwa mkuu wa jeshi, akashika usukani. Desemba akakamatwa. 17 Januari 1961 akasafirishwa kwa ndege mpaka Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga, na usiku huo akapigwa risasi karibu na mji wa Élisabethville, ambao leo tunauita Lubumbashi. Waliouawa naye ni Maurice Mpolo na Joseph Okito. Baadaye miili ikafukuliwa na kuyeyushwa kwa asidi. Afisa wa polisi Mbelgiji akabaki na jino. Jino hilo lilirudishwa kwa familia Juni 2022, na likazikwa Kinshasa 30 Juni mwaka huo.

Soma tena hapo. Kwa zaidi ya miaka sitini mtu huyu hakuwa na kaburi. Walioamuru auawe walijua kaburi ni mahali pa kukusanyika, na hawakutaka pawepo mahali hapo.

Sasa mtu asiye na kaburi anakumbukwa wapi? Jibu la watu wa Lubumbashi lilikuwa: sebuleni.

Brashi ya kwanza: kitambaa cha gunia la unga

Miaka ya 1970, Lubumbashi ilikuwa na wachoraji wa mtaani ambao hawakuuza kwa watalii wala kwa majumba ya sanaa. Walichora kwenye vitambaa vya magunia ya unga vilivyowambwa kwenye fremu, wakatembeza michoro yao mtaani nyumba hadi nyumba. Wateja wao walikuwa watu wa mshahara wa kawaida waliotaka kitu cha kutundika juu ya kochi. Kulikuwa na michoro iliyopendwa sana: mamba muntu, yaani nguva wa Kikongo, na ule mchoro unaoitwa Colonie belge, ambapo mfungwa amelazwa chini anachapwa huku ofisa Mbelgiji anatazama.

Mmoja wa wachoraji hao aliitwa Tshibumba Kanda Matulu. Alizaliwa 1947, kwa hiyo uhuru ulimkuta kijana wa miaka kumi na tatu. Mwaka 1973 akakutana na mtafiti Mjerumani, Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu pale Lubumbashi. Tshibumba akamwambia ana jambo kubwa: anataka kuchora historia nzima ya nchi yake, tangu kabla ya wakoloni. Na akaichora. Michoro 101. Kisha akaketi na Fabian akaieleza mmoja baada ya mwingine, huku kinasa sauti kikizunguka.

Unajua waliongea lugha gani? Kiswahili. Kile cha Lubumbashi, chenye Kifaransa ndani yake, lakini Kiswahili. Sisi Waamu twasema "nti", wao wanasema "inchi", na bado tungeelewana. Kwa hiyo moja ya historia kubwa kabisa za Kongo zilizowahi kuchorwa na Mwafrika ilisimuliwa kwa lugha yako wewe, na nina uhakika haikutajwa hata mara moja kwenye darasa lako. Kitabu cha Fabian juu ya michoro hiyo kilitoka 1996, kwa Kiingereza.

Tena Tshibumba hakujiita mchoraji tu. Alijiita mwanahistoria. Na neno ambalo watu wa Lubumbashi walitumia kuelezea kazi ya michoro ya aina hii ni neno tunalolijua sote: ukumbusho. Angalia vizuri neno hilo. Si kumbukumbu, kitu ulichonacho kichwani. Ni ukumbusho, kitu kinachokufanya ukumbuke. Mchoro ukutani una kazi ya kufanya, kama adhana ilivyo na kazi ya kufanya. Haukai pale kupamba.

Na wakati ule kazi hiyo ilikuwa ya hatari kidogo. Mobutu, yuleyule aliyesaidia kumwangusha Lumumba, alimtangaza shujaa wa taifa mwaka 1966. Amemuondoa, halafu anamvisha taji. Maana yake ungeweza kumsifu Lumumba hadharani, lakini usiulize sana nani alimuua. Mchoro ukaingia kwenye pengo hilo. Mgeni anakuja nyumbani, anatazama ukuta, mtoto anauliza "baba, huyu ni nani?", na stori inaanza. Mchoro wenyewe haujasema kitu. Nani atakushitaki kwa kuwa na picha ya shujaa wa taifa?

Sasa Tshibumba alimchoraje? Kwenye mchoro wa uhuru, Lumumba amevaa suti, anahutubia, yuko sawa na mfalme, hajainama. Kisha anakuja mfungwa, amefungwa mikono, askari wamemzunguka. Kisha kile cha mwisho: miili mitatu chini, Lumumba, Mpolo na Okito, na mbali kwenye upeo wa macho misalaba mitatu. Ubavuni Lumumba ana jeraha. Mtu aliyekulia karibu na kanisa lolote anaelewa papo hapo. Tshibumba mwenyewe alilisema bila kuficha: kwake Lumumba alikuwa kama Yesu wa nchi yao.

Unaweza kusema hiyo ni chumvi nyingi. Lumumba alikuwa mwanasiasa, alikosea mambo yake, alikuwa na hasira zake. Kweli. Lakini jiulize mchoraji alikuwa na zana gani. Hana mwili. Hana kaburi. Hana picha ya mauaji. Kesi haijafanyika. Ana brashi, rangi, gunia, na stori moja ambayo kila mteja wake anaijua: mtu asiye na hatia aliuawa na wakubwa kwa idhini ya watu wake mwenyewe, halafu wakubwa wakashindwa kumnyamazisha. Akaichukua stori hiyo na kusema, hii ndiyo. Hakuwa akimpamba Lumumba. Alikuwa anatoa hukumu ambayo mahakama haikuitoa.

Yeye mwenyewe, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, hajulikani alipo. Aliyewachorea watu kaburi la Lumumba, naye hana la kwake linalojulikana.

Brashi ya pili: Ulaya inajitazama

Ruka mpaka mwaka 2000. Ubelgiji inaanza kuwashwa. Mwaka mmoja kabla, mwandishi Mbelgiji Ludo De Witte ametoa kitabu kinachoonyesha mkono wa serikali ya nchi yake kwenye mauaji yale. Bunge linaunda tume. Mwaka 2002 serikali ya Ubelgiji inaomba radhi.

Katikati ya hayo, mchoraji Mbelgiji Luc Tuymans anatoa mfululizo wa michoro unaoitwa Mwana Kitoko, na mwaka 2001 unaonyeshwa Venice, Italia, kwenye banda la Ubelgiji. Jina linatokana na lile Wakongo walilompa Mfalme Baudouin alipozuru Kongo akiwa kijana. Humo ndani kuna mchoro wa Lumumba. Miwani ipo. Kindevu kipo. Lakini rangi zimefifia, kama picha ya gazeti iliyopigwa na jua. Hakuna damu, hakuna misalaba, hakuna mnyororo.

Ukimweka mteja wa Tshibumba mbele ya mchoro huo atauliza: huyu ana nini, mbona kapauka? Na swali lake ni zuri. Lumumba wa Tuymans amepauka kwa sababu ndivyo alivyo kwenye kichwa cha Ubelgiji: jambo lililofichwa kabatini miaka arobaini mpaka rangi ikatoka. Mchoro hausemi huyu ndiye Lumumba. Unasema hivi ndivyo sisi tulivyomfuta. Ni ungamo la mchoraji kwa niaba ya nchi yake.

Kisha Marlene Dumas, mchoraji mzaliwa wa Afrika Kusini anayeishi Uholanzi. Mwaka 2013 alichora The Widow, yaani mjane. Alitumia picha ya gazeti ya mwaka 1961: Pauline Opango, mke wa Lumumba, anatembea mjini Léopoldville kifua wazi kwa msiba, wanaume wamemzunguka, baada ya kupata habari kwamba mumewe ameuawa. Lumumba hayumo. Lakini nakwambia, kwangu mimi huo ni mmoja wa michoro mizito kabisa ya Lumumba. Manake unakukumbusha kitu ambacho sanamu zote zimesahau: shujaa alikuwa na mke, na mke huyo hakupewa hata maiti ya kuosha.

Hebu sasa pima. Tshibumba anamchorea jirani yake, anayejua stori. Tuymans anawachorea Wabelgiji, waliokataa kuijua. Dumas anatuchorea sote tunaopenda mashujaa na kusahau waliobaki nyumbani. Mtu mmoja, hukumu tatu. Na hakuna hata mmoja kati yao anayedanganya.

Usidhani haya ni ya Kongo tu

Huku kwetu Kenya tuna Dedan Kimathi. Picha inayojulikana zaidi ya Kimathi haikupigwa na rafiki yake. Ilipigwa upande wa waliomkamata, Oktoba 1956: amelazwa, amejeruhiwa kwa risasi, nywele za misokoto, pingu mikononi. Lengo lilikuwa watu wamtazame na kukata tamaa. 18 Februari 1957 akanyongwa Kamiti na kuzikwa bila alama. Umeona? Tena shujaa asiye na kaburi.

Miaka hamsini baadaye, siku ileile, 18 Februari 2007, sanamu yake ikazinduliwa Nairobi, kwenye barabara yenye jina lake. Amesimama. Bunduki mkono mmoja, kisu mkono mwingine. Misokoto ipo palepale. Mchongaji amechukua alama ileile ambayo mkoloni aliitumia kumwonyesha kama mtu wa porini, akaifanya fahari. Ukipanda matatu Nairobi yenye Kimathi ubavuni, unapanda ushindi huo mdogo: uso uliopigwa picha ili udharauliwe, leo unalipiwa ili upendezeshe gari.

Halafu kuna upande ambao watu hawapendi kuusema. Kule Murang'a, zamani Fort Hall, kuna kanisa lililojengwa kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau kwa kukataa kula kiapo. Ndani yake Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, alichora ukutani maisha ya Yesu na kumaliza mwaka 1959. Yesu wake ni Mwafrika, kwenye vilima vya Kikuyu, kati ya mashamba na nyumba za pale. Kwa wakati ule, Yesu mweusi kanisani lilikuwa jambo zito.

Sasa linganisha. Lubumbashi, Yesu ni mpigania uhuru. Murang'a, Yesu yuko pamoja na waliouawa na wapigania uhuru. Msalaba mmoja, pande mbili. Ndiyo maana nasema usikubali mchoro ukushike moyo tu halafu uishie hapo. Uliza uko ukuta wa nani.

Na kama unadhani haya ni mambo ya zamani, kumbuka pesa zetu. Uso wa Jomo Kenyatta ulikaa kwenye noti, ukampisha Moi, ukarudi. Watu wakachoka. Katiba ya 2010, kifungu cha 231, ikasema noti na sarafu zisiwe na sura ya mtu yeyote. Noti mpya zikatoka 2019. Zina jengo la KICC, na pembeni ya jengo kuna... sanamu ya Jomo Kenyatta, ameketi. Kesi ikapelekwa Mahakama Kuu, ikatupwa, noti zikabaki. Benki ikasema ni picha ya jengo. Mzee wa watu amekaa tu pale, ati ni sehemu ya jengo. Ukicheka, kumbuka pia kwamba nchi nzima ilibishana juu ya sanamu ya ukubwa wa punje ya mchele, kwa sababu kila mtu anajua sura kwenye pesa si sura tu.

Sasa tuje Lamu

Mgeni akija Lamu kwa ndege anatua kisiwa cha Manda. Anashuka, anaona mikoko, anapanda boti, dakika chache yuko mjini. Picha tatu nne za simu, jua, jahazi, poa sana.

Miaka ya 1950 kuna watu walioletwa Manda bila tiketi. Serikali ya kikoloni ilikuwa na kambi ya kizuizini pale, ya watu waliokamatwa wakati wa Hali ya Hatari. Mmoja wao alikuwa mwandishi Gakaara wa Wanjau. Kabla ya kukamatwa mwaka 1952, alikuwa ameandika kwa Gikuyu na kwa Kiswahili, pamoja na insha aliyoiita Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafirika. Akiwa kizuizini aliweka kumbukumbu zake kwa siri. Zikatoka kama kitabu kwa Gikuyu mwaka 1983, na mwaka 1984 kikashinda Tuzo ya Noma, tuzo kubwa ya vitabu vya Afrika wakati huo.

Yaani moja ya kumbukumbu muhimu za kupigania uhuru wa Kenya imepita kwenye kisiwa unachokiona ukisimama gatini Lamu. Ushawahi kuuona mchoro wake ukutani mahali popote? Kwenye hoteli? Kwenye darasa? Gatini?

Wachoraji tunao wengi tu. Kwa zaidi ya miaka kumi Lamu imekuwa na tamasha la wachoraji, wanakuja Wakenya, wanakuja Wazungu, wanakaa Shela na mjini, wanachora. Wanachora punda, vichochoro, mabuibui, matanga. Ni kazi nzuri, siibezi hata kidogo. Ila ukizitundika zote pamoja unapata Lamu ambayo hakuna kilichowahi kutokea. Lamu ya machweo milele. Ngome yetu pale, iliyomalizwa miaka ya 1820, ilikuwa jela tangu 1910 mpaka 1984. Miaka sabini na nne ya jela katikati ya mji! Kwenye michoro mingi ni ukuta mzuri tu wa kupigwa na jua la jioni.

Najua jibu la kwanza nitakalopewa: sisi hapa si watu wa kuchora sura. Na ni kweli, na naliheshimu. Ufundi wa Lamu umekwenda kwenye milango, kwenye zidaka, kwenye hati, kwenye jicho la omo ya jahazi. Wazee wengi hawapendi sura za watu ukutani na wana hoja yao ya dini. Lakini usiniambie hatujawahi kuwachora mashujaa. Fumo Liyongo hana picha hata moja ya wakati wake, na bado kila mtoto wa hapa anajua alikuwa pande la mtu, na anajua alivyokufa kwa sindano ya shaba kitovuni, kwa mkono wa mwanawe. Huo ni mchoro. Umechorwa kwa ulimi. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyeuandika utendi wa Liyongo kwa mkono wake, alikuwa pia mchonga mbao. Kalamu na patasi, mtu mmoja. Bwana Mataka wa Siyu, aliyewakatalia masultani wa Zanzibar, tunamkumbuka kwa mdomo na kwa shairi.

Kwa hiyo ukumbusho hauhitaji lazima sura. Tshibumba mwenyewe alichora ndege, majengo, barabara, bendera, na watu wakaelewa. Manda inaweza kuchorwa bila uso hata mmoja: chombo kinavuka mkondo na watu wamekaa wameinama. Daftari limefichwa. Uzio, na nyuma yake mikoko ileile tunayokata boriti. Fundi wa milango akiamua, anaweza kuichonga. Mshairi akiamua, anaweza kuitungia.

Jibu la pili nitakalopewa ni hili: hao walikuwa watu wa bara, vita vyao, mashujaa wao. Bara wenyewe wanatukumbuka lini? Nalielewa jibu hili, manake machungu yake ni ya kweli. Mashujaa wa kitaifa tunaoletewa kwenye mabango ya 20 Oktoba ni wachache, na wa pwani ni wa kutafuta kwa tochi. Lakini dawa ya kufutwa si kufuta. Tukichora Manda, hatuchori stori ya bara. Tunachora kisiwa chetu, kilichofanywa jela bila sisi kuulizwa. Na siku tukiidai nafasi ya Bwana Mataka kwenye mabango hayo, tutaidai tukiwa na kitu mkononi.

Kabla hujapakua uso wa mtu

Siku hizi mambo yamekuwa mepesi kupita kiasi. Unaandika jina la Lumumba kwenye programu ya akili unde, sekunde kumi, umepata shujaa mwenye misuli ya mcheza filamu, moto nyuma, simba pembeni. Inapendeza, inapata likes. Lakini huyo amechorwa na nani, kwa ajili ya nani? Tshibumba alikuwa na jirani kichwani. Tuymans alikuwa na dhambi ya nchi yake. Dumas alikuwa na mjane. Programu haina jirani, haina aibu, haina msiba. Akili ya kuambiwa changanya na ya kwako, na akili unde ndiyo ya kuambiwa hasa.

Kwa hiyo ukikutana na picha ya shujaa, kwenye fulana, kwenye noti, kwenye matatu, kwenye ukuta wa skuli, uliza maswali manne tu. Nani alishika brashi? Nani alilipa? Imetundikwa wapi, na nani anaruhusiwa kuiona? Na nani alikuwepo siku ile lakini kwenye mchoro hayupo?

Lile la nne usiliruke. Ukiliuliza Kinshasa utampata Pauline. Ukiliuliza Lamu, utajikuta unatazama ng'ambo, Manda.

Kama wewe ni mchoraji, fundi wa mbao, mshairi au una rangi tu zimebaki nyumbani, na uko Lamu, Pate, Siyu, Faza au Kizingitini, niandikie. Kuta tunazo. Wazee wenye kumbukumbu bado tunao, lakini hao hawatungoji.